Mbunge anaposema Katiba ilimfunga mikono

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Barabara inayopita kwetu ni ya serikali ya kitaifa, na ujenzi wake uliachwa nusu miaka kadhaa iliyopita. Mkandarasi aliondoa mitambo yake na hakuna aliyetueleza lolote. Mbunge wetu huzungumza kwa ukali kuhusu ufisadi mazishini na redioni. Nilipomuuliza barazani amefanya nini Bungeni, alijibu kuwa Katiba ya 2010 iliwaondoa mawaziri Bungeni na kumwachia yeye kazi ya kutunga sheria tu. Je, ni kweli? Na mwananchi wa kawaida kama mimi nitamtambuaje mbunge anayeiwajibisha serikali kwa dhati?"

Jibu:

Mwalimu, sehemu ya kwanza ya swali lako ina jibu fupi: si kweli. Kifungu cha 95 cha Katiba ya Kenya kinalipa Bunge la Taifa jukumu la kusimamia mapato ya taifa na matumizi yake, kuchunguza mwenendo wa Rais, Naibu wake na maafisa wengine wa serikali wakiwa kazini, na kuanzisha mchakato wa kuwaondoa ikibidi. Hayo yameandikwa waziwazi, mbali na kazi ya kutunga sheria. Hata hivyo jibu la mbunge wako lina punje ya ukweli, na ndiyo sababu liliwanyamazisha watu barazani. Tuianzie punje hiyo.

Chini ya Katiba ya zamani, waziri alikuwa mbunge. Aliketi viti vya mbele, na mbunge yeyote aliweza kusimama na kumuuliza swali nchi nzima ikitazama, hasa baada ya vikao kuanza kupeperushwa moja kwa moja mwaka 2008. Wapo wanaoyatamani maswali hayo hadi leo. Lakini Rais aliwateua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge walewale waliotakiwa kumhoji. Serikali ya muungano ilipoundwa mwaka 2008, Bunge lilikuwa na wabunge 222, na kati yao mawaziri walikuwa 40 hivi, mawaziri wasaidizi nao 50 hivi. Kwa hiyo karibu wabunge wawili kati ya kila watano walikuwa ndani ya serikali yenyewe. Julai mwaka huohuo Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Hoja hiyo haikuwa na nguvu ya kumwondoa kisheria. Alijiondoa kwa muda, na mapema mwaka 2009 akarudi katika Baraza la Mawaziri akiwa Waziri wa Biashara. Hesabu za serikali nazo zilikuwa zikiifikia Kamati ya Hesabu za Umma zikiwa zimechelewa kwa miaka, waliozitia sahihi wameshahamishwa au kustaafu.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mahali kazi hii inapofanyika. Waziri hawezi tena kuwa mbunge. Badala ya kumjibu mbunge kwa dakika chache ukumbini, anawajibika kufika mbele ya kamati inapomwita, na Kifungu cha 153 kinamtaka alipe Bunge taarifa kamili za mara kwa mara kuhusu mambo yaliyo chini yake. Kisha Kifungu cha 125 kikazipa kamati uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai stakabadhi. Anayepuuza wito anaweza kutozwa na kamati faini ya hadi shilingi 500,000. Isitoshe, Bunge la Taifa lilibadilisha Kanuni za Kudumu, na tangu 2023 mawaziri hufika ukumbini kujibu maswali. Kwa hiyo hata ile punje ya ukweli aliyokuwa nayo mbunge wako imepitwa na wakati.

Mfano wangu wa kwanza wa jinsi kazi hii inavyofanywa ni wa Bunge la Kumi, kabla hata mfumo mpya haujaanza kutumika wote. Januari 2011, miezi mitano baada ya Katiba kuzinduliwa, Rais Mwai Kibaki alitangaza majina ya watu aliotaka wawe Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Katiba ilitaka ashauriane kwanza na Waziri Mkuu Raila Odinga, naye Raila akasema hakushauriwa ipasavyo. Mahakama Kuu ikatamka kuwa uteuzi huo ulikwenda kinyume cha Katiba. Bungeni suala likamfikia Spika Kenneth Marende, na tarehe 17 Februari akaamua kwamba Bunge lisingeweza kuyashughulikia majina yaliyopatikana kwa njia hiyo. Siku chache baadaye Rais aliyaondoa. Nafasi ya Jaji Mkuu ikatangazwa, waombaji wakahojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, Bunge likaidhinisha, na Juni Willy Mutunga akaapishwa. Hakuna aliyehitaji kumtukana Rais. Vifungu vilisomwa, utaratibu ukadaiwa, na serikali ikalazimika kuanza upya. Mimi nikimpima mbunge, namlinganisha na siku zile.

Sasa tuje kwenye fedha, maana barabara yako ni suala la fedha.

Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita, yaani hadi mwisho wa Desemba, awe amekagua hesabu za kila wizara, kila shirika la umma na kila kaunti. Bunge likishapokea ripoti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ukipiga hesabu, kufikia mwisho wa Machi kila mwaka wabunge wanapaswa kuwa wamejua kila shilingi ya mwaka uliotangulia ilikwendaje na wameamua la kufanya. Muda huo umekiukwa mara nyingi. Kamati hujikuta zikichambua ripoti za miaka kadhaa kwa pamoja, na ripoti iliyochelewa ni hasara kwa mwananchi, kwani kufikia wakati huo mkandarasi amefunga ofisi na stakabadhi hazionekani. Mbunge anayesimama kila mwaka kudai ripoti zishughulikiwe ndani ya muda hupata makofi machache sana mazishini, lakini kwangu huyo ndiye anayefanya kazi.

Barabara za kitaifa zinasimamiwa na mashirika ya umma, na kila shirika lina ripoti yake ya ukaguzi. Ripoti hizo hazichunguzwi na Kamati ya Hesabu za Umma bali na kamati za uwekezaji wa umma, ambazo tangu 2022 ni tatu badala ya moja. Ndani ya ripoti, miradi iliyokwama hutajwa kwa jina: thamani ya mkataba, kiasi kilicholipwa, tarehe ambayo kazi ilipaswa kukamilika, na kiwango ilichofikia. Tafuta pia sehemu ya riba. Barabara nyingi huachwa njiani kwa sababu mkandarasi hajalipwa, na malipo yanapochelewa mkataba humruhusu kudai riba juu ya deni. Mlipa kodi huishia kuigharimia barabara ambayo haisogei hata hatua moja. Mbunge makini hakomi kwa kuuliza "barabara itakamilika lini?" kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa ahadi. Huuliza ni vyeti vingapi vya kazi iliyokamilika ambavyo havijalipwa, riba imefika ngapi, ni nani aliyetia sahihi mkataba wakati bajeti haikuwa na fedha za kuutosheleza, na mwaka huu mradi umetengewa kiasi gani. Maswali hayo humfikia afisa mhasibu, ambaye ni katibu wa wizara au mkurugenzi mkuu wa shirika, akiwa amekula kiapo mbele ya kamati.

Tena wapo watu ambao hawajakisikia Kifungu cha 226. Kinasema kuwa afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria atawajibikia hasara itakayotokea na kuilipa, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Nasikitika kila nikisoma ripoti ya kamati inayomaliza kurasa zote kwa kulaumu, halafu isipendekeze mtu yeyote alipe.

Ripoti ikipitishwa na Bunge zima inakuwa azimio. Hapo ndipo juhudi nyingi hufia, kwa sababu azimio likikaa bila kufuatiliwa wizara huliacha lipoe. Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji kwa ajili hiyo hasa. Mbunge wako anaweza kuiandikia na kuuliza azimio fulani limefikia wapi. Hahitaji ruhusa ya chama wala ya mtu mwingine.

Kuhusu deni la taifa nitasema machache, ingawa nina hakika mbunge wako hulitaja redioni. Kifungu cha 211 kinasema kuwa moja ya mabunge mawili, yaani Bunge la Taifa au Seneti, likipitisha azimio la kutaka maelezo kuhusu mkopo wowote mahususi, Waziri wa Fedha ana siku saba za kuyafikisha mbele ya kamati husika: deni lote na riba yake, fedha zilitumika wapi, na ulipaji umefika wapi. Siku saba tu. Muulize kama amewahi kuleta hoja ya namna hiyo.

Kuna pia Kifungu cha 223, kinachoiruhusu serikali kutumia fedha kabla Bunge halijaziidhinisha mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha zianze kutolewa. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura, lakini serikali imekizoea mno. Januari 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliiambia kamati ya Bunge kuwa alishinikizwa kuidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 15 siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Bajeti ya ziada inapofika Bungeni mara nyingi fedha zimeshatumika, na wabunge wanaombwa waibariki. Anayekataa kupiga kura ya "ndiyo" hadi aonyeshwe dharura yenyewe anastahili heshima yako, hata kama hukumpigia kura.

Halafu kuna adhabu kali kuliko zote, kuondolewa mamlakani. Mbunge anayetaka waziri aondoke anahitaji kuungwa mkono na robo ya wabunge wote, yaani 88 kati ya 349. Hoja ikipita, kamati ya wabunge 11 huchunguza tuhuma kwa siku kumi. Ikiona zimethibitika na Bunge likakubali, Rais hana hiari, lazima amfute waziri huyo. Linganisha na hoja dhidi ya Kimunya mwaka 2008. Mei 2024 utaratibu huu ulitumika dhidi ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kuhusu mbolea ghushi waliyouziwa wakulima. Hoja ilipita, lakini wengi katika ile kamati ya watu 11 wakaona tuhuma hazikuthibitika, na akabaki kazini. Julai mwaka huo Rais William Ruto alivunja karibu Baraza zima la Mawaziri, baada ya vijana kujaa barabarani. Oktoba, Bunge lilelile likapitisha kwa kura 281 hoja ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua, na Seneti ikaikamilisha tarehe 17. Sisemi nani alikuwa na hatia. Nasema kuwa uwezo upo, na ukitakiwa hutumika kwa kasi. Ukisikia kwamba Bunge halina meno, jiulize ni nani hakutaka liume wakati huo.

Sasa nikueleze kinachomfunga mikono kweli, kwa maana nimeona wabunge wazuri wakinyamaza kidogo kidogo.

Kwanza ni hazina ya maendeleo ya eneobunge. Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2022 kuwa sheria ya hazina hiyo (CDF) ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba mbunge hawezi kutekeleza miradi kisha aisimamie serikali inayotekeleza miradi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa hata sheria iliyoifuata ina dosari, na kesi ikaenda rufani. Najua basari hizo zimewasomesha watoto wengi, na huenda baadhi yao umewafundisha wewe. Siwezi kuwalaumu wazazi wanaozitaka. Lakini fedha hizo hutolewa na Hazina Kuu, na mbunge anayengoja mgao uchelewao hapendi kumkera Waziri wa Fedha wiki hiyohiyo. Barabara ni vivyo hivyo. Mbunge hukaa katika chumba cha kungojea cha waziri akiomba kilomita kumi za lami kwa watu wake, kisha kesho yake anatakiwa kumhoji waziri yuleyule kamatini. Wengi huchagua lami. Na sisi wapigakura huwasukuma wachague hivyo, kwa sababu tukikutana nao tunauliza "umetuletea nini?" na ni wachache sana wanaouliza "umezuia nini kisiibwe?"

Pili ni chama. Viranja, yaani wabunge wanaosimamia nidhamu ya chama Bungeni, wanaweza kumwondoa mbunge kwenye kamati akiasi msimamo wa chama, na kwa mwenye kiti katika kamati nzito hiyo ni hasara kubwa. Ndiyo maana kura za kugawanyika, zinazoandikwa kwa majina, ni ushahidi mzuri kuliko hotuba. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakiwa wameshajaa nje ya Bunge. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Majina ya waliosema ndiyo na waliosema la yamo katika Taarifa Rasmi za Bunge, zinazoitwa Hansadi. Zisome. Tafuta jina la mbunge wako, si siku hiyo tu, bali katika mambo yote uliyoyataja.

Kwa barabara yako ningeanza hivi. Andikia shirika linaloisimamia barua ya kuomba nakala ya mkataba, taarifa ya malipo na hali ya kazi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili wala kueleza kwa nini unazitaka. Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati unasubiri, pakua ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu shirika hilo kwenye tovuti yake na utafute jina la barabara. Ni nyaraka ndefu, lakini wewe umezoea kusahihisha madaftari mengi kuliko hizo.

Ukiwa na takwimu mkononi, rudi kwa mbunge wako, na usiende kumfokea. Mwombe mambo matatu kwa maandishi: alete swali kwa waziri likitaja thamani ya mkataba na deni lililobaki, aiandikie kamati ya uwekezaji wa umma inayolisimamia shirika hilo ili mradi uwemo katika ratiba, na akuonyeshe ukurasa wa makadirio ya bajeti unaotaja fedha za barabara hiyo. Serikali hupaswa kuwasilisha makadirio Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na wabunge wana hadi mwisho wa Juni kuyabadilisha. Wanayo Ofisi ya Bajeti ya Bunge, yenye wataalamu wanaolipwa kuwachambulia tarakimu. Mbunge anayetaka kufanya kazi hii hakosi msaada.

Akikataa, kuna njia isiyompitia. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, Bungeni. Wewe na majirani mnaweza kuiandika kwa Kiswahili, kueleza tatizo, juhudi mlizofanya na mnachoomba, kutia sahihi na kuipeleka kwa Karani wa Bunge la Taifa. Itasomwa ukumbini na kupelekwa kwa kamati, na kamati inaweza kuwaita maafisa wa barabara wajibu mbele yenu.

Angalizo moja kabla hamjaandika: hakikisheni barabara yenyewe ni ya kitaifa kweli. Nyingi za vijijini ni za kaunti, na hizo husimamiwa na bunge la kaunti, na Seneti kwa upande wa fedha zilizogawiwa kaunti. Ardhilhali ikienda mahali pasipo pake hupoteza miezi. Daraja la barabara lipo kwenye orodha rasmi, na shirika likijibu barua yako litakuambia.

Kila barua tengeneza nakala mbili. Moja iachie ofisi, na ya pili igongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.